Mfalme wa Chumvi na Mzee wa Tanuri

Watu waliomzoea walimwita Kasuku, na jina hilo hakulipata kwa umbea. Alilipata redioni. Kwa miaka mingi aliandika michezo ya kuigiza, na waigizaji walipopungua akawa anaigiza mwenyewe: sasa bibi kizee mwenye kikohozi, baadaye polisi, halafu mtoto anayelilia maziwa. Sauti zote hizo zilitoka katika koo la mwanamke mmoja mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi na kicheko kinachoanza polepole kama pikipiki ya zamani.

Redio ikaja kubadilika. Wakubwa waliona michezo ya kuigiza inakula muda bure, wakaweka muziki na watu wa kubishana kuhusu mpira. Kasuku alikatiwa keki, akasomewa hotuba, akapewa mkono wa kwaheri. Kwa muda mrefu baada ya hapo alikaa nyumbani akitafsiri maelezo ya makopo ya dawa ya mende. Alizoea kusema kwamba mende ndio wasomaji wake waaminifu, ila ndio hivyo, walikuwa hawadumu.

Ndipo fundi mitambo mmoja wa zamani wa redioni alipompigia simu. Kuna kampuni ndogo inatengeneza gemu za kompyuta, alisema, na inatafuta mtu wa kuwaandikia hadithi.

"Mimi sijawahi kucheza gemu hata moja," Kasuku alisema.

"Hata wao hawajawahi kuandika hadithi. Mtakutana katikati."

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Mapazia yalifungwa mchana kutwa ili mwanga usipige skrini, na chumba kizima kilinuka kahawa na nyaya zenye joto. Mkuu wa kampuni alikuwa binti wa umri ambao Kasuku angeweza kabisa kumzaa. Hakupenda kuitwa bosi, kwa hiyo wenzake walimwita Nahodha, nalo likamkaa. Pembeni ya dirisha alikaa Mchoraji, kijana mrefu, mchache wa maneno, mwenye vipokea sauti shingoni muda wote kama daktari na kipimo chake.

Nahodha alimweka Kasuku mbele ya skrini akamwonyesha gemu yao. Kulikuwa na mji kando ya ziwa la maji ya chumvi. Ziwa lilikuwa juu kuliko mji, na kilichozuia maji yasiwafunike watu kilikuwa ukuta mrefu wa mawe. Mtawala wa mji aliitwa Mfalme wa Chumvi. Katika sura ya kwanza mfalme huyo alikuwa mtu kama watu: ana jino bovu, anagombana na wajenzi, anasahau majina ya watu. Katika sura ya tatu alikuwa mungu. Mchoraji alikuwa amekwisha kumchora, mrefu kuliko minara, mikono minne, chumvi ikimetameta begani.

"Na sura ya pili?" Kasuku aliuliza.

"Haipo," Nahodha alisema. "Tuna mfalme, tuna mungu, katikati hakuna kitu. Hapo ndipo tunapokuhitaji, Mama. Mtu anakuwaje mungu?"

"Unaniuliza mimi? Mimi hata uenyekiti wa mtaa sijawahi kuupata."

Walicheka, akapewa kazi.

Aliandika kwa bidii ya mtu aliyekaa na mende muda mrefu. Katika hadithi yake ya kwanza mfalme alipanda mlima, akamchoma mungu wa zamani kwa mkuki, akanywa damu yake, radi zikapiga. Nahodha alisoma akisukuma maneno juu kwa kidole.

"Imeandikwa vizuri sana, Mama."

Kasuku aliujua wimbo huo. Redioni, wakikusifia kwa upole namna hiyo, ujue sanda imekwisha kupimwa.

"Lakini?"

"Lakini mchezaji ataruka."

"Ataruka kwenda wapi?"

Nahodha alimwonyesha kitufe kidogo pembeni ya skrini. Ukikibonyeza, hadithi yote inapita na unafika kwenye mapigano. "Mfalme kuua mungu wameshaona mpaka wamechoka. Atabonyeza hapa, basi."

Hilo lilimuuma Kasuku kuliko alivyotaka kuonyesha. Msikilizaji wa redio akichoka alizima, lakini alizima kwake, humwoni. Hapa walikuwa wamemtengenezea mtu kidude cha kukukimbia.

Akaandika nyingine, mfalme akaokota kito ndani ya pango. Akaandika nyingine tena, mfalme akafa akafufuka. Zote zikasifiwa, zote zikarukwa. Siku ya hadithi ya tatu Mchoraji alivua vipokea sauti, jambo ambalo hakulifanya ovyo.

"Katika hadithi zako zote, huyu mtu anataka kuwa mungu," alisema. "Mimi nilipomchora, hakuwa anataka."

Kasuku akaiangalia picha upya, usoni badala ya mikononi. Kweli. Mungu yule mwenye mikono minne alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa mlangoni akiwa bado anaoga.

*

Nyumbani Kasuku aliishi na baba yake. Mzee huyo alihamia kwake baada ya mama kufariki, akaja na sanduku moja, kiti kimoja na tabia zake zote. Karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa mkuu wa matanuri katika bekari ya mtaa wa pili, na huko walimwita Mzee wa Tanuri. Alikuwa mtu wa haraka. Alitembea kana kwamba barabara inamfukuza, alikula akisimama, na sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka nje ya geti la bekari, akimwita huyu mvivu na yule kobe.

Alipostaafu, simu yake haikupumzika. Tanuri halishiki moto, hamira imegoma, Mzee tufanyeje? Alikuwa akijibu kwa kufoka, na ukimtazama unaona raha imemjaa hadi masikioni. Kisha simu zikapungua, hatimaye zikakoma. "Wamejua kazi," mzee alisema. Lakini mara kwa mara Kasuku alimwona akiiokota simu na kuitazama kama ina chaji.

Basi mwaliko ulipokuja, ulikuja kama mvua. Bekari ilikuwa imenunua mashine mpya ya kukandia unga, na walitaka Mzee wa Tanuri awepo siku ya kuizindua. Alipiga pasi shati lake mwenyewe, maana pasi ya Kasuku hakuiamini. Kasuku akaenda naye kwa sababu ya goti lake, ambalo siku hizo lilikuwa na maoni yake binafsi kuhusu ngazi.

Ndani ya bekari joto lilikupokea mlangoni kama shangazi asiyejua kupima kumbatio. Watu walikuwa na unga kwenye kope. Trei zilipita juu ya vichwa, na wote wakamwamkia mzee kwa furaha ya kweli, shikamoo huku, shikamoo kule. Kasuku alikuwa akifuta miwani yake iliyoingia ukungu. Alipoivaa tena ndipo alipoiona ile picha.

Ilikuwa ukutani, juu ya tanuri kubwa, ndani ya fremu. Ni baba yake, aliyekuzwa kutoka kwenye picha ya kitambulisho cha kazi, kijana zaidi, amekaza uso. Wafanyakazi wa zamu mpya walikuwa wakiingia, na kila mmoja akipita aliinua mkono, akagusa pembe ya chini ya fremu, akasema taratibu, "Mzee, kazi." Pembe hiyo ilikuwa imekwisha kung'aa kwa kuguswa.

Baba yake alisimama chini ya picha hiyo hiyo. Dada mmoja mwenye kilemba cheupe alimfikia, akasita.

"Samahani, Mzee," alisema, akapitisha mkono juu ya bega lake, akaigusa fremu.

Walimpeleka mzee kwenye meza ulikokuwa ukisubiri unga wa kwanza wa mashine mpya. Aliyesimamia matanuri sasa alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, mtu mzima mwenye mvi za unga na mvi za kweli zilizochanganyika ndevuni. Mzee aliubonyeza unga kwa kidole, kwa ile haraka yake.

"Tayari. Ingizeni."

"Bado kidogo, Mzee," msimamizi alisema. "Tuuache ulale."

"Ulale, una mimba? Ingizeni."

Wafanyakazi walitazamana. Dada mwenye kilemba ndiye aliyepata ujasiri. "Lakini Mzee mwenyewe alisema, unga haukimbizwi."

"Nani alisema?"

"Wewe, Mzee." Akaonyesha kwa kidevu kule ukutani.

"Mimi? Mimi nilikuwa nakimbiza kila kitu humu ndani. Nilikuwa nakimbiza hadi paka."

Wakacheka wote, kwa mapenzi, kama watoto wanaojua babu anawatania. Kasuku alimsikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Anatupima huyo." Na hakuna aliyeugusa unga. Waliungoja ulale mpaka uliporidhika wenyewe, ndipo wakauingiza.

Mkate ulitoka umeinuka, ngozi yake nyembamba, ukipasuka kwa sauti ndogo ndogo ulipopoa. Mzee aliumega, akatafuna kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa hasira, lakini hakuwa mwongo wa mkate.

"Umetoka vizuri," alisema. "Kuliko wangu."

Wakampigia makofi, kana kwamba ni yeye aliyeuoka.

Walirudi kwa miguu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kasuku ndiye aliyelazimika kupunguza mwendo.

"Unga haukimbizwi," mzee alisema walipofika kwenye kona ya duka la viatu. "Maneno mazuri. Ningekuwa na akili, ningeyasema."

"Umeudhika, Baba?"

"Nitaudhikaje? Wamenipa busara nisiyokuwa nayo. Ila pale chini, niliona wazi kwamba nawasumbua. Wanaye yule wa ukutani. Hafoki, hakosei, hana goti. Sasa mimi nimekwenda kumharibia jina."

Kasuku alimshika mkono, na huku amemshika akaona aibu. Baba yake alikuwa ameumia, yupo hapo ubavuni pake anapumua kwa shida, na yeye kichwani tayari alikuwa anamwona Mfalme wa Chumvi akisimama chini ya sanamu yake mwenyewe.

*

Siku chache baadaye, siku ya mapumziko, msimamizi wa bekari alibisha hodi. Alikuja na mikate miwili ndani ya kitambaa, akamwamkia mzee, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyekuja kuposa na hajui aanzie wapi. Kasuku alikwenda jikoni kuchemsha chai, akaacha mlango wazi. Hakujificha kusikiliza, lakini pia hakupiga kelele na sufuria.

"Mzee, yale maneno ya unga ni yangu," msimamizi alisema.

"Nilijua si yangu. Kwani maneno hayo hayana baba, hadi yaje kwangu?"

"Nilipochukua nafasi yako, nilitaka unga uwe unapumzika. Wakakataa. Wakasema huyu mwoga, huyu mvivu, wakati wa Mzee hatukuwa tunangoja. Nikawaeleza, nikabembeleza, wapi. Siku moja nimechoka, nikasema tu: Mzee alisema. Mara kimya. Wakafunika unga, wakangoja."

"Halafu?"

"Halafu ikawa rahisi."

"Mangapi umenisemesha?"

Msimamizi aliangalia mikono yake. "Mengi kidogo. Kufunika unga kwa kitambaa kibichi. Anayeumwa asiguse hamira. Watu wasitukanane karibu na tanuri."

"Hilo nalo ni langu?" Mzee aliinuka nusu. "Mimi ndiye niliyekuwa nawatukana!"

"Ndiyo maana ilibidi liwe lako, Mzee."

Kasuku akasikia baba yake anacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikaingilia, na msimamizi akacheka pia, kwa uangalifu mwanzoni. Kasuku alipoingia na chai, wote wawili walikuwa wanafuta macho.

"Na picha? Uliiweka wewe?"

"Hapana. Nilifika kazini nikaikuta ipo. Kila mmoja anasema ni mwenzake." Msimamizi alipokea kikombe. "Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Wewe ulipoondoka ndipo lako likaanza kuwepo. Nimekuja kusema, ukitaka nitawaambia ukweli. Kesho asubuhi, mbele yao wote."

Mzee alimega mkate, akauchovya. Alikula kimya kimya, amekaa, bila haraka, na Kasuku akatambua kwamba hajawahi kumwona akila hivyo.

"Ukiwaambia, watautupa ule utaratibu wa kungoja?"

"Wengine watautupa."

"Na wataanza kutukanana?"

"Hao hawachelewi."

"Basi nyamaza. Na mimi nitanyamaza." Akaweka kikombe chini. "Ila usinialike tena kule nikiwa na maoni. Nialike kula tu. Na ukija hapa kwangu, uje kama mtu, tuseme ya watu. Mambo ya unga muulize yule bwana mkubwa ukutani, anajua kuliko mimi."

Mgeni alipoondoka, Kasuku alikusanya vikombe taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Baba, kuna jambo nataka kukuomba. Nataka kuliandika hili. Si wewe. Mfalme."

"Mfalme gani?"

"Wa kwenye gemu. Lazima awe mungu na sijui anakuwaje."

Mzee alifikiri. "Mungu ni mmoja, lakini huko kwenye mitambo yenu fanyeni mtakavyo. Ana goti bovu?"

"Ana jino."

"Mwachie jino lake. Goti ni langu."

*

Sura ya pili aliiandika kwa muda mfupi kuliko zile tatu zilizorukwa. Mfalme wa Chumvi, alivyomwandika sasa, alikuwa mtu wa kufoka aliyejenga ukuta kwa mikono yake na kuwachosha wote waliojenga naye. Alipozeeka alihamia kibanda kimoja mbali, mwisho wa ukuta, akamwachia mji waziri wake, mwanamke mwangalifu. Ziwa lilikuwa likipanda kila mwaka. Waziri aliwaomba watu waongeze mawe, wakamcheka. Ndipo akasema, mfalme ameagiza kila nyumba ilete jiwe. Mfalme hakuwa ameagiza chochote, lakini mawe yakaja. Waziri akaona njia. Kwa jina la mfalme watu wakaacha kuibiana maji matamu, wakaanza kulinda ukuta kwa zamu, wakajenga na sanamu, na sanamu ikawa kubwa kuliko mtu. Kila mtaa kati ya mitaa minne ya mji ukadai kwamba mkono wa mfalme ndio ulioweka jiwe la kwanza upande wao.

Siku moja mfalme akashuka mjini na fimbo yake. Akaona ukuta, akasema ni mnene kupita kiasi, mawe yanapotea bure. Mlinzi akamwambia kwa upole, mzee, usimpinge mfalme. Akaenda hadi miguuni pa sanamu, akawakuta watu wanaeleza shida zao na kuondoka wamepata nafuu. Msimu huo ziwa lilipanda kuliko siku zote. Mfalme akapanda ukutani, akainua mkono kama alivyofanya ujanani, akayafokea maji. Maji yakaendelea kuja. Kule chini watu wakaililia sanamu, maji yakasimama.

Hapo akaelewa kwamba ziwa lilikuwa limesikia habari za yule mwingine, mfalme wa sanamu. Lakini sanamu ilikuwa tupu ndani, na kitu kitupu hakiwezi kushikilia maji muda mrefu. Lazima mtu aingie. Atakayeingia atasikia kila ombi na kila uongo utakaosemwa kwa jina lake, na hatapata tena sauti ya kusema, mimi sikusema hivyo. Mfalme akang'oa jino lake bovu njiani, akalitupa ziwani, akaingia.

Nahodha aliposoma, kidole chake hakikusukuma kwa kasi. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Hawataruka?" Kasuku aliuliza.

"Wapo watakaoruka, Mama. Wapo watu wanaoruka hata harusi yao. Lakini hii itawafanya wafikirie kwanza."

Mchoraji alikuwa amesimama nyuma yao. "Mikono minne ni ya ile mitaa minne," alisema.

"Ndiyo."

"Basi sibadilishi kitu." Akarudi dirishani, akakaa, lakini vipokea sauti hakuvivaa mpaka jioni.

Kabla kazi haijafungwa, Kasuku aliisoma hadithi kwa baba yake. Alimsomea mezani mchana, na hakuweza kujizuia: mlinzi akapata sauti ya mlinzi, waziri ya waziri. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho. Sehemu ya mlinzi akatikisa kichwa. Mwisho akauliza swali moja tu.

"Huyu mfalme, hana mke?"

Kasuku hakuwa amelifikiria hilo.

"Mtu anaingia ndani ya jiwe, hasemi tena, harudi kula. Mke yuko wapi? Ameambiwa?" Mzee alifumbua macho. "Mama yako asingekubali. Angechukua kiti chake, akakaa mbele ya hiyo sanamu mpaka nitoke. Miaka yote ile nilikuwa bekari hata siku za mapumziko, na kila nikirudi alikuwa ananisimulia yaliyotokea nyumbani, hata kama nimesinzia. Bomba limepasuka, mtoto ameota jino. Nilidhani ananichosha. Kumbe alikuwa ananivuta nirudi."

Mama alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita, lakini mchana ule alikuwa karibu sana, kama mtu aliyetoka kuanika nguo.

Kesho yake Kasuku alimwomba Nahodha abadilishe sura nzima. Mchezaji asiwe tena askari anayeangalia mambo yakitokea. Awe mke wa mfalme. Kila siku aende mbele ya sanamu, na miongoni mwa watu wote awe yeye peke yake asiyekuja kuomba. Aje kusimulia. Mchezaji achague atamsimulia nini: paa linavuja, jirani amejifungua, leo sina la kusema. Nahodha alishika kichwa. Alisema kazi imeongezeka, programu itabidi iandikwe upya, watu watalia. Halafu akaifanya, na kweli watu walilia, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Gemu ilipotoka haikuutikisa ulimwengu, lakini ilipata watu wake. Wengine walilalamika kwamba sura ya pili haina hata pigano moja. Mmoja aliandika kwamba kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kuruka, akasahau kukibonyeza. Na baada ya miezi michache wachezaji wakaanza kupeana mtandaoni maneno ya hekima ya Mfalme wa Chumvi, maneno ambayo Kasuku hakuwa ameyaandika popote. Mengine yalikuwa mazuri. Moja lilimkera, akaandika chini yake kwa adabu zote: mfalme hakusema hivyo, mimi ndiye mwandishi wa hadithi hii.

Akajibiwa na mtu asiyemjua: "Ungekuwa unamwelewa Mfalme, usingesema hivyo."

Kicheko chake kilianza polepole kama kawaida, kikashika, Mchoraji akageuka kutazama kuna nini. Kasuku alifuta maneno yake, akamwachia mfalme ya kwake.

Jumamosi moja alimletea baba yake kompyuta ya ofisi acheze. Mzee alilaumu kipanya, akalaumu miwani, akamwendesha mke wa mfalme ukutani mara kadhaa kwa haraka yake ya zamani. Lakini alipofika mbele ya sanamu alitulia. Akachagua paa. Akachagua jirani. Akachagua habari za mbuzi aliyekula pazia, akazisoma kwa sauti na kucheka peke yake. Kisha mke akakaa chini, skrini ikasubiri, na mzee hakubonyeza kitu.

Kasuku alikuwa anakunja nguo. Baada ya muda aliinua kichwa. "Imekwama, Baba?"

"Haijakwama. Amekaa naye."

Akamwacha. Alimaliza mashuka, akaanza soksi. Kule nje wauza magazeti walikuwa wanafunga vibanda, na msimamizi wa bekari, ambaye siku hizo alikuwa anakuja kula kwao mara kwa mara bila kutaja unga, alikuwa anapanda ngazi akipiga mluzi. Mzee alimsikia, akainuka kwenda kumfungulia mlango, taratibu, akishika ukuta kwa ajili ya goti.

"Kaa na mama yako kidogo," alimwambia binti yake akipita, kisha akatambua alichosema, akatabasamu, akaenda kufungua.